Tusiidharau Diploma ya Simu



Tunaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, tulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 10. Alikuwa mwepesi wa kushika somo, lakini mahudhurio yake yalikuwa mabaya: juma moja yupo, majuma mawili hayupo. Ilipofika miezi ya baridi, ule wa sita na wa saba, hatukumwona kabisa. Aliporudi tulimsimamisha mbele ya wenzake, tukamwita mvivu. Jumapili iliyofuata mama yake alitungoja mlangoni mwa kanisa, akatuambia kwa upole: "Mwalimu, mtoto wangu si mvivu. Ni mifupa inayomuuma."

Mtoto yule alikuwa na drepanositozi, ugonjwa wa damu ambao wengi hapa Lubumbashi huuita kwa herufi mbili tu, SS, na ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita selimundu. Baridi ni adui wa wenye ugonjwa huu, kwa maana chembe zao za damu hupinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tangu utoto wake mama alimpeleka mara nyingi katika kituo cha afya cha mtaa. Karibu kila mara alitibiwa malaria. Safari nyingine aliambiwa ni tifoidi. Damu yake haikuchunguzwa kwa ugonjwa wenyewe mpaka alipofikia miaka 9. Wakati huo majirani walikwisha kumtaja shangazi mmoja wa ukoo kuwa ndiye mchawi.

Je, tumlaumu mwuguzi wa kituo? Tulimfahamu. Alikuwa mama mwenye bidii, aliyefungua mlango kabla ya jua kuchomoza. Baadaye alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Mwalimu, ugonjwa huu nilifundishwa asubuhi moja tu, nikiwa kijana shuleni. Tangu siku ile hakuna aliyerudi kunifundisha."

Sisi tumetumia sehemu kubwa ya maisha yetu kuwaandaa walimu. Tunajua mwalimu aliyefundishwa mara moja na kuachwa huwaje baada ya miaka 20. Daftari lake hugeuka manjano, naye huendelea kulisoma. Kwa mwuguzi ni vivyo hivyo, ila madhara hayalingani. Daftari la mwalimu likichakaa, mtoto hupoteza alama. Daftari la mwuguzi likichakaa, mtoto aweza kupoteza uhai.

Kwa hiyo tunasema wazi, bila kumwogopa mtu: mafunzo ya baada ya diploma kwa njia ya intaneti, yanayomfikia mwuguzi na daktari pale pale anapofanya kazi, si anasa, wala si elimu ya daraja la pili. Kwa wagonjwa wa maradhi ya kudumu katika Haut-Katanga yetu, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Wanaoidharau wanawadhulumu wagonjwa. Na wanaoiuza kama karanga sokoni wanawadhulumu pia.

Tuutazame kwanza ugonjwa wenyewe. Malaria huja, hutibiwa, huondoka. Kisukari, shinikizo la damu, kifafa, pumu, UKIMWI na SS huingia nyumbani na kukaa kama mtu wa familia. Tuseme mtoto mwenye SS amebahatika kuonwa na daktari bingwa siku 2 kwa mwaka. Siku 363 zinazobaki yuko mikononi mwa nani? Yuko mikononi mwa mama yake na ya mwuguzi wa mtaa. Nchi yetu imegawanywa katika kanda za afya 519, na ndani yake vituo vingi vya afya huongozwa na mwuguzi wa ngazi ya A1 au A2, si na daktari. Huyo ndiye anayeamua kama homa ya leo ni ya kungoja au ni ya kukimbilia hospitali. Tukitaka kumsaidia mgonjwa kwa siku 363, tunapaswa kumfundisha mtu wa siku 363.

Wala tusijidanganye kwamba jambo hili ni la wachache. Kongo, Nigeria na India ndizo nchi 3 ambamo huzaliwa zaidi ya nusu ya watoto wote duniani wenye drepanositozi. Wataalamu wamekadiria kwamba hapa kwetu huzaliwa karibu watoto 40,000 wa namna hiyo kila mwaka. Katika kila parokia wamo. Pengine mmoja wao ameketi karibu nawe mnaposoma ukurasa huu, naye hajawaambia, kwa sababu anaogopa maneno ya watu.

Wala tusiseme kwamba maarifa hayapo. Huko Jamaica, tangu 1973, daktari Graham Serjeant na wenzake waliwafuatilia watoto waliogunduliwa na ugonjwa huu walipozaliwa, wakawafundisha akina mama kulipapasa tumbo la mtoto kwa vidole ili wajue mapema kama wengu umevimba ghafla. Somo hilo halihitaji mashine wala umeme. Mwaka 1986 uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku huwakinga watoto wadogo wenye SS na maambukizi yanayoua haraka. Kisha ikaja habari kutoka nyumbani. Watoto 606 wa Kinshasa, wa Kilifi nchini Kenya, wa Mbale nchini Uganda na wa Luanda nchini Angola walipewa dawa iitwayo haidroksiurea na kufuatiliwa kwa makini. Kinshasa kazi hiyo ilifanyika katika hospitali ya Monkole, chini ya daktari Mkongo, Léon Tshilolo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: mashambulio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa nusu hivi, na haja ya kuongezewa damu pamoja na vifo kwa theluthi mbili hivi.

Tazameni basi aibu yetu. Maarifa yaliyopatikana Kinshasa yalichapishwa Boston, na madaktari wa dunia nzima wakayasoma. Je, mwuguzi wa Pweto, wa Mitwaba, wa Kasenga, au hata wa Katuba hapa mjini, ni nani aliyemletea? Dawa ile hutaka kupima damu mara kwa mara na kurekebisha kipimo cha dawa kadiri mtoto anavyokua. Haitolewi kwa kubahatisha. Inamtaka mtu aliyefundishwa, tena anayeweza kumwuliza aliye juu yake siku anapokwama.

Sasa tusikilize wanaopinga. Wa kwanza husema: "Uganga ni kazi ya mikono, haujifunzwi kwa simu." Neno hili lina sura ya hekima, lakini linamkosea nani yuko wapi. Mwuguzi anayejifunza akiwa kazini hana mgonjwa ndani ya simu. Mgonjwa yuko mbele yake, juu ya kitanda, anapumua na kulia. Aliye ndani ya simu ni mwalimu. Mikono inaendelea na kazi yake. Kinachoongezeka ni jicho la pili linalosahihisha.

Na jambo hili limepimwa. Mwaka 2003, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, daktari Sanjeev Arora aliona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakingoja miezi mingi ili kufika kwake. Badala ya kuwaita wagonjwa wote mjini, aliwaita waganga wa vijijini kwenye mkutano wa kila juma kwa njia ya video. Kila mmoja alileta habari za mgonjwa wake, nao wakazijadili pamoja. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Waliopona katika kliniki ya chuo kikuu walikuwa asilimia 57.5, na waliopona mikononi mwa waganga wa vijijini na wa magereza walikuwa asilimia 58.2. Atakayesema kwamba elimu ya mbali ni ya uongo, na azijibu kwanza hesabu hizo.

Au twende karibu zaidi, nchini Kenya (nchi ile, si komini yetu ya Kenya). Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na baraza la wauguzi la nchi hiyo, lilianza kuwapandisha daraja wauguzi wapatao 20,000 kwa masomo ya kompyuta. Madarasa ya kawaida hayakuweza kuwapokea wote. Wauguzi walisoma katika vituo vilivyowekwa karibu na kazi zao, wakafanya mazoezi hospitalini chini ya wasimamizi, kisha wakakalia mtihani ule ule wa taifa. Maelfu walifaulu. Hawakusamehewa lolote kwa sababu eti walisoma kwa kompyuta.

Wa pili husema: "Anayetaka kusoma na aende chuoni." Sisi tunakiheshimu chuo. Mji wetu umekuwa na chuo kikuu tangu 1956, nasi tumewapeleka huko watoto wetu. Lakini hebu mwondoe mwuguzi mmoja wa Kasenga kwa miaka 2. Nani atabaki na kisukari cha Kasenga? Na baada ya kuonja taa za mji, atarudi? Tumewaona wengi wakienda, na waliorudi tunaweza kuwahesabu kwa vidole. Kisima kikipelekwa mjini, kijiji hufa kwa kiu. Hatuombi maprofesa wa Lubumbashi wanyang'anywe viti vyao. Tunaomba sauti yao itoke nje ya kuta za darasa, ifuate barabara ya Kasenga hata katika miezi ya mvua, ambapo magari hukwama na sauti haikwami.

Wa tatu husema: "Mwuguzi asiguse kazi ya daktari." Ndivyo ilivyosemwa zamani juu ya dawa za UKIMWI, na leo wauguzi huzitoa na kuwafuatilia wagonjwa katika vituo vyetu. Jirani zetu wa Rwanda, tangu katikati ya miaka ya 2000, wamewafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya kuwatunza wagonjwa wa moyo, wa kisukari kinachohitaji insulini na wa maradhi mengine mazito, madaktari wakiwasimamia. Mwezi wa nane wa 2022, mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Lomé chini ya Shirika la Afya Duniani walipokea mpango wenye mfano huo, uitwao PEN-Plus, na SS imo ndani yake. Kwa hiyo swali la kama mwuguzi anaweza limekwisha kujibiwa. Limebaki swali la kama tutamfundisha.

Hata hivyo, ukweli hauna upande mmoja. Kuna mafunzo ya intaneti ambayo ni biashara tupu. Unalipa, unabonyeza kurasa, unajibu maswali 10 ambayo hata kipofu angefaulu, kisha unapokea karatasi yenye muhuri wa dhahabu. Karatasi hutundikwa ukutani, na mgonjwa aliye chini yake hubaki alivyokuwa. Sisi walimu hatuwezi kuuita udanganyifu huo elimu.

Tukiwa wazee wa ufundi huu, tunawapa vijana wanaosomea uuguzi na udaktari vipimo 3. Kwanza: je, masomo hayo yanakuuliza habari za mgonjwa wako mwenyewe, au yanakusimulia tu habari za wagonjwa wa mbali? Pili: ukikosea, kuna mtu anayekusahihisha kwa jina lako? Tatu: mwalimu atarudi mwezi ujao kuuliza yule mgonjwa ameendeleaje? Katika ualimu hatukumpa mwanafunzi cheti kabla hajasimama mbele ya darasa, nasi tumeketi nyuma tukiandika makosa yake. Mafunzo yanayokosa vipimo hivi 3, msiyanunue hata yakishushwa bei.

Yule mama mwuguzi wa mtaa wetu alipata mafunzo ya kweli. Kwa mwaka mmoja alisoma usiku, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akinunua mega kwa mshahara wake mdogo. Umeme ulipokatika alikaa katika korido ya kituo, mahali palipokuwa na taa ya jua. Wenzake walimcheka, wakaiita "diploma ya simu". Usiku walipofundishwa juu ya watoto wachanga wanaovimba mikono na miguu, dalili ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza ya SS, alifungua daftari la kituo na kuyatafuta majina. Asubuhi alikwenda nyumba kwa nyumba. Watoto wachache aliowakumbuka walipelekwa kupimwa, na baadhi yao walikutwa nao. Hawakungoja hadi miaka 9.

Je, alipandishwa cheo? Hapana. Mshahara wake uliongezwa? Hata franka moja. Hapa tunawageukia wenye mamlaka: saa za masomo kama hayo, yakiwa yamepimwa na kuthibitishwa, zihesabiwe katika cheo na katika mshahara. Anayejifunza kwa ajili ya watu asifanywe maskini na masomo yake.

Lakini tukiishia kwa wenye mamlaka tutakuwa wanafiki. Na sisi je? Katika jumuiya zetu mtu akifariki, kabla ya jioni mchango wa matanga umekwisha kupita. Viti, hema, jeneza, chakula cha wageni: hakuna kinachokosekana. Mwenye uwezo akiugua, ukoo wote hukusanya fedha ili apelekwe Zambia, Afrika Kusini au India. Hatulaumu huruma hiyo. Lakini ni lini tulipitisha kikapu kwa ajili ya mega za mwuguzi? Ni parokia gani iliyomwambia: "Mama, chumba chetu kina taa ya jua, njoo usome hapa jioni"? Tunachangia kaburi, hatuchangii somo ambalo lingelichelewesha kaburi. Waliotutangulia walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunajenga kuta kila juma, nazo ziko makaburini.

Mnakumbuka mfano wa Msamaria mwema. Tunapenda kuhubiri juu ya mafuta na divai alivyovimimina kando ya njia. Mara chache tunamtaja mwenye nyumba ya wageni. Msamaria aliondoka kesho yake. Aliyebaki na majeraha siku baada ya siku ni yule mwenye nyumba, na Msamaria alimwachia fedha za kazi hiyo na ahadi ya kurudi. Ugonjwa wa kudumu ni habari ya mwenye nyumba. Mwuguzi wa mtaa ndiye huyo. Nani kati yetu anamwachia chochote?

Liko jambo moja zaidi, nalo ni lenu ninyi vijana. Mafunzo haya huja kwa Kifaransa, na mengi zaidi kwa Kiingereza. Mama wa mtoto husikia Kiswahili. Somo lililosomwa usiku kwa Kifaransa lapaswa kusemwa asubuhi kwa Kiswahili, la sivyo limefia njiani. Ninyi mnazijua lugha hizo mbili, na simu mnazifahamu kuliko sisi. Mwuguzi anapotafuta namna ya kumweleza mama kuhusu wengu, au namna ya kuifungua video iliyogoma, msaada wenu una thamani kuliko michango mingi. Na neno la mchawi likianza kuzunguka mtaani, ninyi ndio wa kulizima kwa maneno mepesi: ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, na shangazi hana kosa.

Mtoto tuliyemwita mvivu sasa ni kijana. Miezi ya baridi bado humsumbua, lakini huvaa sweta, hunywa maji mengi, hufuata dawa zake, naye anamjua mwuguzi wake kwa jina. Tulimwomba msamaha mbele ya darasa lile lile, naye akatusamehe. Hatukutaka kumwomba msamaha mtoto mwingine ambaye hatasikia tena.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika parokia yetu, nani anaishi na ugonjwa wa kudumu, na ni nani anayemtunza siku ambazo daktari hayupo? (Msitaje majina bila ruhusa ya wenyewe.)

2. Mwuguzi wa kituo kilicho karibu nasi alifundishwa lini mara ya mwisho? Nendeni mkamwulize kwa heshima, mkamwulize pia anachokosa: mega, taa, chumba, au saa moja ya utulivu.

3. Kikundi chetu kilichangia nini katika matanga ya mwaka huu? Tunaweza kutenga sehemu gani ya mchango kama huo kwa ajili ya masomo ya mwuguzi mmoja?